Mama akirudi kutoka Saudia, mtoto anaweza kuachwa mara ya pili

Hapa Nakuru, hasa huku kwetu Kaptembwo na Rhonda, ni ngumu upate ploti haina mtoto analelewa na mtu mwingine juu mamake yuko Saudia, Qatar ama Dubai. Ni nyanya, ni anti, ni jirani analipwa kwa mwezi. Watu wanaongea sana juu ya hao mama, nani ameteswa, nani anatuma pesa na nani ameacha kutuma, nani ameanza kujenga. Mtoto haongelewi. Akiongelewa utasikia tu aah, huyo ni mdogo, hajui kitu, atasahau. Mimi nimelea mtoto wa dada yangu tangu akiwa karibu mwaka na nusu mpaka akakaribia miaka minne, halafu nikamrudisha kwa mamake, na nasema huyo mdogo anajua. Na kitu kingine, ile siku ukoo wote unashangilia mama amerudi, huyo mtoto anaweza kuwa ndio anaachwa tena.

Dada yangu alisafiri 2021. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko kwa kibanda hapo karibu na nyumba, kwa hivyo familia ikaonelea mimi ndio naweza kukaa na mtoto. Wazee wakashauri mamake aondoke usiku mtoto akiwa amelala, ndio asilie. Ushauri huu nimeusikia kwa Waluhya wenzangu, kwa Wajaluo, kwa Wakikuyu, kila mtu anaujua na hakuna mtu anauliza mtoto akiamka inakuwaje.

Akiamka inakuwa hivi. Anatafuta chini ya kitanda, anaenda mlangoni anapiga mlango na kiganja, anaita, anakuangalia wewe kama wewe ndio umemficha mamake. Alilia mpaka sauti ikaisha na hakutaka nimshike, halafu nikimweka chini analia zaidi. Usiku alikuwa anashtuka ananipapasa uso gizani kuona kama bado niko, na hata nikienda choo cha ploti lazima anifuate. Hiyo iliendelea kitambo. Halafu akanyamaza.

Majirani wakafurahi sana. Ona vile ameshazoea, ni mtoto mzuri, hasumbui. Na kweli hakuwa anasumbua, unamweka kwa mkeka karibu na cherehani anakaa hapo na leso ya mamake mkononi, ananyonya kidole, hachezi. Yale maneno machache alikuwa nayo, maji, mpira, jina la paka, yote yakapotea. Uji anakunywa vijiko viwili anageuza kichwa. Alafu akaanza kwenda kwa mtu yeyote, jamaa wa kuuza maji akipita anapanda mapajani mwake, mteja hajawahi kumuona anamwinulia mikono abebwe. Watu walicheka wakasema huyu ni wa watu wote. Mimi moyo ulikuwa unakataa lakini sikuwa na maneno ya kueleza kwa nini.

Maneno nilipewa na nesi wa kliniki. Nilikuwa nimempeleka ile kliniki ya mwaka na nusu, ya chanjo ya pili ya surua, na kwa kitabu cha kliniki mstari wa kilo ulikuwa umeanza kushuka. Mimi nilikuwa nimeshasema moyoni ni minyoo. Nesi akauliza anakula nini, nikamwambia, halafu akauliza nani amehama hapo nyumbani. Nikasema mamake yuko Saudia. Akamuangalia mtoto kidogo, akaniambia, "Mama, hii si minyoo. Huyu anaomboleza mtu."

Akanieleza, kina mama wengine wakiwa kwa foleni wanasikia, kwamba kuanzia miezi kama sita, saba hivi, mtoto anachagua mtu wake. Akishtuka anamkimbilia huyo, akitaka kucheza mbali kidogo anageuka kuangalia kama huyo bado yuko. Miaka hiyo mpaka mitatu ndio mibaya zaidi kumpoteza, juu mtoto anajua kabisa mtu wake hayuko lakini hawezi kuelewa kwamba miaka miwili itaisha. Kwake kesho haipo. Kuna homoni mwili unatoa ukiwa na hofu, kotisoli, na kwa mtoto mdogo kile kinaishusha ni huyo mtu wake, kubebwa, sauti, harufu anayoijua. Asipokuwepo na kusiwe na mwingine wa kushika nafasi, mwili unakaa macho tu kama unangoja hatari, ndio unaona usingizi unaharibika, chakula hakiingii, hata maneno yanarudi nyuma.

Tangu hiyo siku nilianza kusoma kila kitu nilipata juu ya hii mambo, usiku kwa simu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kile kitu niliona kwa mkeka wangu Kaptembwo watu walishakiona Uingereza kabla nizaliwe. Zamani huko hospitali zilikuwa zinazuia wazazi kuona watoto waliolazwa, unaweza kuruhusiwa muda kidogo tu kwa wiki. Kulikuwa na mfanyakazi wa jamii, James Robertson, alikuwa anafanya kazi na daktari John Bowlby, akakaa wodini anaangalia watoto, na 1952 akatoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Waliona mtoto anapitia vitu vitatu. Kwanza analia na kupigana. Halafu anakata tamaa, ananyamaza, anajikunja. Halafu anaonekana sawa, anacheka na manesi, anakula, lakini mamake akija hamtaki, anaangalia ukutani. Wauguzi walikuwa wanaita hiyo hatua kupoa. Robertson akasema hapana, huyo mtoto amejifunga. Ilichukua miaka mingi lakini hospitali zikabadilisha sheria, leo hata hapa kwetu mama analala na mtoto wodini na hakuna mtu anaona ni ajabu.

Na huyo Bowlby mwenyewe, mtoto wa familia ya kitajiri London, alilelewa sana na yaya, mamake alikuwa anamuona kidogo tu kwa siku. Yaya aliyempenda akaondoka yeye akiwa karibu miaka minne, na akiwa mtu mzima aliandika kwamba mtoto kuachwa hivyo na yaya anayempenda inaweza kuwa karibu kama kupoteza mama. Hapo niliweka simu chini. Juu mimi ndio nilikuwa yaya kwa hiyo hadithi, na miaka minne ndio ile dada yangu alikuwa amepanga kurudi.

Lakini kabla ya kurudi kulikuwa na vita ya familia. Kukhu, mamangu, yuko Kakamega, na yeye alitaka mtoto aletwe kijijini. Dada yetu mwingine yuko Kisumu akasema tumgawane, mimi nikae naye miezi kadhaa, halafu aende Kisumu, Disemba aende kwa Kukhu, ndio mzigo usilemee mtu mmoja. Walikuwa wanasema kwa upendo, hiyo naijua. Na Kukhu alikuwa na hoja, aliniambia kwani wewe ulilelewa na mtu mmoja? Si ulibebwa na kila mtu hapa boma?

Ni kweli nilibebwa na kila mtu. Na hapa ndio watu wengi wanachanganyikiwa, hata wasomi wengine wa ng'ambo wanadhani mtoto lazima awe na mama peke yake kwa nyumba mlango umefungwa. Kuna mtafiti Mmarekani, Robert LeVine, yeye na wenzake walikaa na familia za Wagusii miaka ya 1970, na waliona mama akiwa shambani mtoto anabebwa na dada yake wa miaka saba, minane, lakini usiku analala na mama na hao wote wawili wako kesho na kesho kutwa. Watoto walikuwa na watu wao, zaidi ya mmoja, na walikuwa wametulia. Shida si mikono kuwa mingi. Mikono mingi inayobaki ni baraka, nilimwambia Kukhu hivyo. Kile kinavunja mtoto ni mikono inayopokezana, huyu akizoeleka anaondoka anakuja mwingine, mpaka mtoto anaamua hakuna haja ya kumshika mtu. Ndio maana alikuwa anampandia muuza maji. Hakuwa mtoto wa watu wote, alikuwa mtoto ambaye hana mtu.

Nikakataa kumzungusha. Tukakubaliana Kukhu aje Nakuru wakati anaweza, akae na sisi, mtoto asitoke kwa kitanda chake. Akakasirika kidogo halafu akaja.

Kile tulifanya hakikuwa kikubwa. Mimi peke yangu ndio nilikuwa namlaza, kila usiku, na wimbo mmoja. Nikitoka namwambia mchana macho yakiwa wazi, naenda kununua uzi, nitarudi, na akilia nalia kidogo na yeye moyoni lakini naenda na narudi kweli, na nikirudi namwambia umeona, nimerudi. Picha ya mamake tukaweka ukutani mahali anafikia. Leso haikufuliwa kwa muda mrefu sana. Na simu, hiyo simu ilitusumbua. Mwanzoni tukipiga video alikuwa anaigeuza kifudifudi anakimbia, mamake analia upande ule, mimi nalia huku. Saa za Riyadh, huko Saudia alikuwa anafanya kazi, ni sawa na zetu, hiyo ilitusaidia, tukapanga awe anapiga saa ileile kabla ya kulala siku ambazo bosi wake anamruhusu simu, na asimuulize unanijua, unanipenda, aimbe tu ule wimbo. Miezi ikapita kabla mtoto akae mpaka mwisho wa wimbo. Maneno yakarudi, kilo zikarudi. Akaanza kukataa kubebwa na wageni, akawa ananishika sketi mtu akija, na mimi nilishukuru Mungu kwa huo woga.

Akaanza kuniita mama. Nilikuwa namwambia mimi ni mama mdogo, mama yako ni huyu wa picha, na yeye anasema ndio halafu ananiita mama.

Kandarasi ikaisha, 2023 dada yangu akarudi. Tulienda kumpokea Nairobi wengi, matatu nzima, na mtoto amevaa gauni nilimshonea. Mamake alipiga magoti hapo nje akafungua mikono. Mtoto akazunguka akajificha nyuma yangu, akamuita anti. Nilimuona dada yangu uso ukibadilika na sitaki kuandika zaidi hapo.

Sasa mpango wa familia ulikuwa dada apumzike siku chache halafu amchukue mtoto waende Kisumu, alikuwa ameshatuma pesa ya nyumba Migosi. Kila mtu aliona ni sawa, si ni mamake, damu itajijua. Ni hapo nilisimama nikasema kile nilikuwa nimengoja kusema, kwamba mkimtoa kwangu ghafla mnamfanyia kile alifanyiwa ile usiku mamake alienda, tofauti ni kwamba sasa ana miaka karibu minne na atakumbuka. Watu wengine waliona nataka kubaki na mtoto. Niliambiwa maneno. Dada yangu mwenyewe ndio aliniokoa, alisema atakaa Nakuru mpaka mtoto amtake.

Tukaanza na kuoga. Mimi nasimama karibu, dada yangu ndio anaogesha mtoto. Halafu uji ukawa wa mamake. Nywele pia. Kulala tuliacha mwisho, tukalala watatu kwa muda, mimi nikawa natoka mtoto akishalala lakini nimemwambia mapema kwamba nitatoka. Kuna siku mtoto alimpiga mamake na kijiko usoni akamwambia rudi kwa simu. Dada yangu akajikaza hakumchapa, akamwambia najua umekasirika, nilienda na sikukuaga. Unajua nilikuwa namuangalia nikisema huyu amejifunza wapi, na usiku akaniambia. Huko Riyadh alikuwa analea mtoto mdogo wa ile nyumba, amemuogesha, amemlaza, na siku ya kuondoka yule mtoto alishikilia abaya yake wakamtoa kwa nguvu. Kwa hivyo hata huko kuna mtoto alibaki mlangoni. Na yeye alikuwa anampenda, alimkumbuka miezi mingi, na kwetu hapa hakuna mtu angemwelewa akisema anamlilia mtoto wa mwajiri.

Swali kubwa lilikuja jioni moja tunakula, mtoto hakuinua kichwa, akauliza, "Utaenda tena usiku?" Dada yangu akasema nikienda kazi nitakuambia mchana na utanibeba begi mpaka stejini. Mtoto akafikiria. Akasema sawa. Ni kama kuna mlango ulifunguka hapo, wiki hiyo ndio alimfuata mamake dukani bila kuniangalia.

Kisumu walienda kwanza kama wageni, wakarudi. Wakaenda tena. Wakati wa kuhama kabisa alibeba sahani yake, blanketi na ile leso, na mimi nilienda nao nikakaa siku kadhaa halafu nikaaga mchana. Alilia. Mamake akamshika na yeye akakubali kushikwa na mamake, hiyo ndio nilikuwa naangalia, si kulia. Mtoto kulia akiwa na mtu wa kumlilia ni kitu kizuri.

Saa hii anasoma, anaongea mpaka unachoka, ako na marafiki. Kila mwanzo wa muhula bado anataka kujua ni nani hasa atamchukua jioni na ukibadilisha mtu bila kumwambia anaharibikiwa na siku nzima. Hiyo imebaki na huenda itakaa naye. Sitaki mtu asome hapa aone mtoto akiachwa amekwisha, si ukweli. Kule Romania baada ya serikali ya dikteta Ceaușescu kuanguka 1989 walipata maelfu ya watoto kwa vituo vya watoto, wamelishwa lakini hakuna mtu wao. Watafiti wakafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, mji mkuu wa huko, nusu wakapelekwa kwa familia za walezi, na waliotolewa kabla ya kufikisha karibu miaka miwili walipona vizuri zaidi, kwa kushikamana na watu na hata kwa vile ubongo unafanya kazi. Na hao walianzia pabaya kuliko mtoto wetu mara nyingi. Kwa hivyo ikiwa kuna anti ama nyanya, mtoto asipelekwe kituo cha watoto ati kwa sababu kuna chakula na masomo. Sheria yetu ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa, na mpango wa serikali wa miaka kumi ulioanza huo mwaka wa 2022 ni wa kurudisha watoto kwa familia. Nenda kwa ofisi ya watoto ujulikane kama mlezi, itakusaidia hata siku mtoto anahitaji matibabu ama shule na mamake hapatikani.

Na nimuombe anayesafiri kitu kimoja cha pesa. Tuma ya chakula, ndio, lakini tuma pia ya kumfanya huyo mlezi asihame na asichoke. Mimi ningefunga kibanda mtoto angezungushwa tu, hakuna nadharia ingemuokoa. Hata likizo ya uzazi kwa sheria ni miezi mitatu, na hiyo ni kwa aliyeandikwa, mama wa kuuza mboga haimhusu. Tunaambia mama wasiwaache watoto na hakuna kitu tumewawekea cha kuwashikilia hapa.

Sasa hivi kuna msichana hapa ploti yetu ako na mtoto wa miezi tisa, ejenti amemwambia viza iko karibu. Alikuja kibandani kushonesha begi tukaongea mpaka jioni. Sikumwambia asiende, najua kodi yake na najua baba ya mtoto alipotea. Nilimwambia aanze sasa, mama mkwe wake ambaye atabaki na mtoto ahamie kwake angali yupo, awe ndio anamlaza, mtoto awe na watu wawili kabla apoteze mmoja. Mama mkwe alifika juzi kutoka Bungoma. Na yule msichana ameomba ejenti amsukumie tarehe mbele miezi kadhaa, lakini bado hajajibiwa.